Nywila ya Wi-Fi isiwe namba yako ya simu

SWALI: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Igogo hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Nyuma ya nyumba nina vyumba vinne vya wapangaji. Nilinunua ruta ya laini ili wajukuu wasome na mimi nifuatilie habari. Fundi aliyeifunga aliweka namba yangu ya simu iwe nywila, akasema ni rahisi kukumbuka. Sasa bando la mwezi halinifikishi hata tarehe ishirini. Mpangaji mmoja kaniambia niingie kwenye mipangilio niweke usimbaji. Nimeingia nikakuta WEP, WPA, WPA2, TKIP, AES, nikatoka mbio. Mwingine anasema nifiche tu jina la mtandao, yatosha. Nichague nini? Na jirani wa nyumba ya chini, ambaye nywila nilimpa mwenyewe, nitamtoaje bila kugombana?

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Chagua WPA2 yenye AES. Ukiona WPA3 kwenye orodha na vifaa vyako vikaikubali, chukua hiyo. Futa namba ya simu, weka maneno matano yasiyo na uhusiano. Zima kitu kinachoitwa WPS. Badilisha pia nywila ya kuingilia ndani ya ruta, ambayo si ile ya Wi-Fi. Wapangaji wafungulie mtandao wa wageni. Habari ya kuficha jina achana nayo. Mwenye haraka angeishia hapa, lakini mwalimu hapokei jibu la hesabu lisilo na njia, kwa hiyo njia nakuandikia.

Ruta na simu huzungumza kwa redio. Kila kinachosemwa kinasambaa pande zote, na kila kifaa kilicho karibu kinakisikia, kiwe cha mjukuu wako au cha mtu usiyemjua. Nyumba zetu za milimani ndizo zinazoongoza kwa kusikika. Jiwe la Igogo huzuia mawimbi vizuri sana, ila kati ya dirisha lako na nyumba iliyo chini yako hakuna jiwe, kuna hewa tupu. Ndiyo maana jirani wa chini anaweza kupata mtandao wako vizuri kuliko mpangaji wa chumba cha nyuma kilichoegemea mwamba.

Kuwazuia watu wasisikie hatuwezi. Tunachoweza ni kuwafanya wasielewe wanachokisikia, na hiyo ndiyo kazi ya usimbaji: maneno yanavurugwa kwa ufunguo kabla hayajarushwa, na mwenye ufunguo pekee ndiye anayeyapanga tena. Ufunguo huo unatoka wapi? Unatoka kwenye nywila yako. Watu wengi hudhani nywila ya Wi-Fi kazi yake ni moja, kuamua nani aingie na nani abaki nje. Kumbe ina kazi ya pili isiyoonekana: ndiyo mbegu ya ufunguo unaovuruga kila kitu kinachopita hewani. Nywila dhaifu ikigunduliwa, aliyeigundua hapati bando tu, anapata na uwezo wa kusikiliza.

Sasa ile orodha iliyokukimbiza. WEP ndiyo ya zamani kuliko zote, ilikuja na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi mwaka 1997. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha jinsi ufunguo wake unavyovuja kidogo kidogo kadiri data inavyopita. Mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliifungua kwa muda usiozidi dakika moja. Na hapa urefu wa nywila haukusaidii kitu, kwa sababu anayeivunja WEP hakisii nywila. Anaukokotoa ufunguo kutoka kwenye data yenyewe. Kule Marekani, kampuni ya maduka ya TJX iliibiwa taarifa za kadi za benki zaidi ya milioni 45, tukio lililotangazwa mwaka 2007, na wezi walipenya kupitia Wi-Fi ya maduka iliyokuwa bado inalindwa kwa WEP. Ukiiona kwenye orodha ipite kama huijui.

WPA isiyo na namba ilitoka mwaka 2003 kuziba pengo hilo haraka, ikiwa imetengenezwa ili vifaa vilevile vya zamani viweze kuitumia baada ya kubadilishiwa programu. TKIP ndiyo namna yake ya kuvuruga data. Ilifanya kazi ya dharura, na dharura imeisha. Ina hasara nyingine ambayo mafundi wengi hawaisemi: ruta ikiwekwa TKIP hushuka hadi kasi ya zamani isiyozidi megabiti 54 kwa sekunde. Umenunua ruta mpya halafu mtandao unakokota? Angalia kama hakuna mtu aliyechagua TKIP.

WPA2 ilikuja mwaka 2004 ikiwa na AES, usimbaji uliobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa na serikali ya Marekani mwaka 2001 kuwa kiwango chake. Mpaka leo hakuna njia inayojulikana ya kuivunja AES yenyewe kwa namna inayoweza kutumika. Tangu Machi 2006 hakuna kifaa kipya kilichopewa cheti cha Wi-Fi bila kuwa na WPA2, hivyo simu na tableti za wajukuu wako zinayo. Kwenye orodha inaweza kuandikwa WPA2-PSK au WPA2-Personal. Ni kitu kimoja. Ukiona yenye neno "Enterprise" usiiguse, hiyo ni ya ofisi na vyuo ambako kila mtu ana jina lake la kuingilia, na inahitaji kompyuta ya pembeni ya kuwatambua. Ukiona "WPA/WPA2" zimeunganishwa, maana yake ruta inawakubali hata wa zamani. Usiichague mpaka ukutane na kifaa kinachokataa kabisa kuunganishwa bila hiyo.

WPA3 imeanza mwaka 2018, na tangu Julai 2020 kila kifaa kipya kinachoomba cheti lazima kiwe nayo. Ubora wake mkubwa nitaufikia punde. Ruta nyingi zinakuwekea chaguo la mchanganyiko, WPA2/WPA3, ili simu mpya zitumie mpya na za zamani zitumie ya zamani. Hilo ni zuri kwa nyumba yenye wajukuu wa rika mbalimbali na simu za rika mbalimbali. Simu fulani ya zamani ikigoma kuona mtandao, rudi WPA2 yenye AES, wala usijione umepungukiwa.

Kwa hiyo aina ya usimbaji ni suala la dakika moja. Kinachoangusha nyumba nyingi ni nywila, na hapa ndipo fundi wako alipokukosea.

Simu inapojiunga na ruta, nywila hairushwi hewani. Ruta inatoa namba ya kubahatisha, simu nayo inatoa yake, halafu kila upande unathibitisha kwa hesabu kwamba unaijua nywila bila kuitamka. Ujumbe unaopita ni minne tu. Kwenye WPA2, mtu aliye karibu akiunasa ujumbe huo, anaweza kwenda nao kwake, akakaa na kompyuta yake na kuanza kukisia. Anachukua neno, analichanganya na jina la mtandao wako kwa mizunguko 4,096 kama ruta inavyofanya, anapata ufunguo, anaulinganisha na alichonasa. Haukulingana? Neno lingine. Ruta yako haijui lolote, iko Igogo inawaka taa zake. Haitamfungia baada ya kukosea mara tatu, maana hazungumzi nayo tena.

Mizunguko hiyo 4,096 iliwekwa makusudi ili kumchelewesha. Lakini kadi ya kuchezea michezo ya kompyuta, GTX 1080 ya mwaka 2016, hujaribu nywila karibu 400,000 kila sekunde, na zilizofuata ni za kasi zaidi. Sasa tupige hesabu pamoja. Namba za simu za Tanzania huanza na 06 au 07, kisha zinafuata tarakimu nane. Jumla yake haizidi milioni 200. Gawanya kwa 400,000: sekunde 500, dakika nane na ushee, na hapo ni kama mtu huyo hakujui kabisa. Anayekujua anayo namba yako tayari, na nahisi imeandikwa kwenye tangazo la vyumba vya kupanga pale getini. Tarehe ya kuzaliwa, siku, mwezi na mwaka, haifikishi machaguo 40,000 kwa miaka 100 nzima. Hiyo huisha kabla hujapepesa. Tarakimu nane zozote zile ni milioni 100, dakika nne.

Na wale wanaosema "mimi sikuweka namba, nimeweka maneno", ukiwauliza utakuta Yanga1935, Simba1936, Zaburi23, mwanza123, au jina la mtoto wa kwanza likifuatiwa na mwaka. Anayekisia haanzi na aaaaaaaa. Anaanza na orodha za maneno na majina ambayo watu hupenda, kisha anaongeza miaka na kubadilisha herufi ya "a" kuwa @ na ya "o" kuwa sifuri. Ujanja huo umeshazoeleka, na programu za kukisia zinaufanya zenyewe.

Nywila nzuri haitokani na akili yako, kwa sababu akili hukimbilia kwenye mambo unayoyapenda, na majirani wanayajua unayoyapenda. Iache itokane na bahati. Chukua kamusi ya Kiswahili, fumba macho, ifungue popote, weka kidole, andika neno. Rudia hadi yafike matano. Neno likija baya usilikatae ukatafuta zuri. Ukianza kuchagua, bahati imeondoka. Mfano unaweza kupata "sindano tope mkoba kibiongo hamsini", uandike sindano-tope-mkoba-kibiongo-hamsini. Huo usiutumie, umeshachapishwa. Hata kama mtu angejua kwamba umetumia maneno matano kutoka kwenye orodha ya maneno 5,000, na kadi yake ni ile ya 400,000 kwa sekunde, kuyapitia yote kungemchukua miaka karibu laki mbili na nusu. Kwa maneno manne ni karibu miaka 50, na akiwa na kadi kumi inashuka kuwa mitano. Ndiyo maana nasisitiza matano.

Mtu akikwambia uchanganye na Kisukuma au Kikerewe, sawa, si vibaya, orodha nyingi za kukisia zimejaa Kiingereza. Ila usiitegemee lugha ikulinde peke yake. Hapa Mwanza wanaojua Kisukuma hawahesabiki.

Mambo madogo ya uandishi yanasumbua watu kuliko hesabu zote nilizokupigia. WPA2 inapokea herufi 8 hadi 63, na ziwe zile za kawaida za kibodi. Neno lenye ng' kama ng'ombe au ng'oa liache kabisa, kwa sababu simu moja huandika ule mkato ukiwa umenyooka na nyingine ukiwa umepinda, na kwa ruta hizo ni nywila mbili tofauti. Utaambiwa nywila si sahihi na wewe unaiona sahihi. Simu pia hupenda kukuza herufi ya kwanza bila kuulizwa, na kuongeza nafasi mwishoni ukikubali neno inalokupendekezea. Tumia herufi ndogo tupu na kistari kati ya maneno, kisha bonyeza alama ya jicho uione kabla ya kuhifadhi.

Jina la mtandao nalo libadilishe. Nimesema nywila huchanganywa na jina; wapo watu waliokwisha kukokotoa funguo za majina yanayotumika sana, yale ya kiwandani, wakaziweka tayari. Ukiwa na jina lako la pekee, kazi yao haikugusi. Liwe jina lisilotaja ukoo wala nyumba. "Mwalimu_Igogo_Juu" ni kumwelekeza mtu mlangoni.

Twende kwenye ruta. Igeuze, chini kuna kibandiko chenye anwani kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Unganisha simu kwenye Wi-Fi yako, zima data ya simu ili isije ikakimbilia huko, fungua kivinjari na uandike anwani hiyo pale juu kabisa panapoandikwa anwani za tovuti. Utaombwa nywila, na kwa ruta nyingi ni "admin" au ile ya kwenye kibandiko.

Nywila hiyo ndiyo uibadilishe kwanza kabla ya kitu kingine. Anayeingia hapo ndiye mwenye ruta: atasoma nywila yako mpya ya Wi-Fi hata ukiibadilisha kila Jumatatu. Na kwa kuwa ruta yako ni ya laini, kuna jambo watu hawalijui: ruta nyingi za namna hiyo zina kisanduku cha ujumbe mfupi mlemle ndani. Meseji zinazoingia kwenye ile laini zinasomeka humo, pamoja na namba za uthibitisho kama laini hiyo umeisajilia huduma yoyote. Kwa hiyo weka nywila nyingine tofauti, na laini ya kwenye ruta isifungwe kwenye benki wala pesa za simu.

Ukimaliza, tafuta penye "Wi-Fi" au "Wireless", kisha "Security". Badilisha jina, chagua WPA2-PSK na AES au mchanganyiko wa WPA2/WPA3, andika maneno yako matano, hifadhi. Mtandao utakatika papo hapo kwenye simu yako; usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Simu bado imeshikilia nywila ya zamani, iambie iusahau mtandao huo kisha ujiunge upya. Fanya hivyo kwa tableti, runinga na kila kifaa. Kama ruta ina mitandao miwili, wa 2.4 GHz na wa 5 GHz, hakikisha yote miwili imebadilika, maana nimekuta nyumba zilizofunga mmoja na kuuacha mwingine na nywila ya kiwandani. Wa 5 una kasi ila hauvuki kuta vizuri, wa 2.4 ndio unaoteremka mpaka kwa jirani.

Mlemle utaikuta WPS. Ililetwa ili watu waunganishe vifaa bila kuandika nywila, na namna yake mojawapo ni kwa namba ya siri ya tarakimu nane. Mwishoni mwa 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huithibitisha namba hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo badala ya mamilioni ya machaguo yanabaki 11,000. Ukiiacha wazi, maneno yako matano yanaweza kukwepwa kwa kupitia hapo. Zima.

Angalia pia kama ruta ina toleo jipya la programu yake. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, waligundua kasoro katika ule ujumbe minne wa WPA2, na dawa yake haikuwa kubadilisha nywila, ilikuwa kusasisha simu na ruta. Ila usisasishe ruta siku ambayo umeme unacheza. Ukikatika katikati ya kazi, ruta inaweza isiwake tena.

Kuhusu ushauri wa kuficha jina: mtandao uliofichwa jina bado unarusha mawimbi, na jina hutajwa kila kifaa chako kinapojiunga. Mwenye programu ya kusikiliza analiona. Tena simu zako zinaanza kuliulizia jina hilo huko mjini, sokoni na kwenye daladala, kuona kama mtandao uko karibu. Unapata usumbufu bila ulinzi. Ule ushauri mwingine wa kuandikisha namba za vifaa vinavyoruhusiwa nao ni dhaifu, namba hizo hupita hewani bila kuvurugwa na mtu anaweza kuiga ya kifaa chako.

Wapangaji sasa. Kwenye WPA2 ya nyumbani wote mnatumia nywila moja, na hilo lina tatizo ambalo halisemwi sana: mwenye nywila, akinasa simu yako ikijiunga, anaweza kukokotoa ufunguo wako wa wakati ule na kufungua mawimbi yako. Hatasoma yaliyomo kwenye tovuti za kisasa au WhatsApp, kwa sababu hizo zina usimbaji wao zenyewe, lakini anaweza kuona unaelekea tovuti gani. WPA3 imeziba hapo, na pia imemnyima mkisiaji ile nafasi ya kukisia akiwa kwake; kila jaribio lazima aiulize ruta yenyewe. Ndio ubora niliousema.

Kwa nyumba yako dawa iko kwenye ruta, inaitwa mtandao wa wageni, "Guest". Unakuwa na jina lake na nywila yake, na vifaa vilivyo humo havivioni vya kwako. Ruta nyingine hukuruhusu kuupunguzia kasi au kuuzima usiku. Nywila ya wageni si lazima iwe ya kuishi miaka. Ibadilishe kila wanapochangia bando jipya, aliyechanga apewe. Usijisumbue kuwaonya wasiigawe. Tangu Android 10 simu inaonyesha nywila kwa mchoro wa kukagua kwa kamera na maandishi yake chini, na zipo programu zinazokusanya nywila za watu na kuzigawa. Nywila uliyompa mtu mmoja ihesabu imeshafika kwa kumi. Ya kwako na wajukuu ibaki ndani, na ruta isikae dirishani wala barazani ambako mtu anaweza kupiga picha kibandiko au kubonyeza kitundu cha kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani.

Bando lako linaweza kuwa linaliwa na wa ndani. Saa moja ya video yenye ubora wa juu inaweza kula GB moja hadi tatu, na simu ikiona Wi-Fi huanza kupandisha picha na kushusha masasisho bila kumwambia mtu. Kabla hujamshuku jirani, ingia kwenye ruta uone orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usishtuke kukuta visivyojulikana: simu za kuanzia Android 10 na iPhone za kuanzia iOS 14 hujipa namba ya bandia kwa kila mtandao, hivyo simu ya mjukuu wako inaweza kuonekana kama ya mgeni. Njia rahisi ni kubadilisha nywila, kukaa wiki moja bila kumpa mtu wa nje, na kulinganisha matumizi.

Kama unafanya miamala ya pesa za simu kwa kupiga ile menyu ya nyota na reli, hiyo haipiti kwenye Wi-Fi kabisa, inapita kwenye mtandao wa simu. Hofu hiyo iondoe. Hofu ya kweli iko kwingine. Laini ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Mtu akiitumia kutapeli au kutukana mtandaoni, uchunguzi utaanza kwa jina lako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabia kosa anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, lakini wewe ruhusa umeigawa kwa mdomo, na kueleza nani alikuwa nani itakuwa kazi.

Na jirani. Huna haja ya kumtoa, nywila mpya itamtoa yenyewe. Tatizo ni utakachomwambia akija kuuliza. Mwambie ukweli: bando lilikuwa halinifikishi mwisho wa mwezi, nimebadilisha kwa kila mtu, ukitaka kuchangia nitakupa ya wageni. Usimwambie ruta imeharibika, mama. Jina la mtandao wako ataliona kwenye simu yake, limejaa mistari yote.